Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano: Posta ya Nyumbani Ngaremara

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

KUH: HATARI YA MWANANCHI KUJIENDESHEA BARUA PEPE MWENYEWE

Seva ya barua pepe ni kompyuta inayopokea barua za kikoa fulani, ikazihifadhi na kuzipeleka kwa seva nyingine. Kanuni zake, SMTP, ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wala hazikusema popote kwamba mwenye seva sharti awe kampuni kubwa. Kasoro hiyo imekwisha kurekebishwa, kama inavyoonekana katika wadi ya Ngaremara, kaunti ya Isiolo, kando ya barabara kuu ya Moyale.

Hatua za mwanzo, kwa bahati mbaya, bado ziko wazi kwa kila mtu. Kompyuta kuukuu huwekewa Linux, tuseme Debian. Kisha Postfix ya Wietse Venema hupokea na kupeleka barua, na Dovecot humwezesha mwenyewe kuzisoma. Zote ni za bure. Kikoa cha .ke hununuliwa kwa wakala wa KENIC, msimamizi wa vikoa hivyo. Hata stima ikipotea, seva inayotuma hurudia kujaribu. Postfix, isipoelekezwa vingine, haikati tamaa kabla ya siku 5. Kufikia hapo mkazi wa Ngaremara amekaribia mno kuwa na posta yake, na ndipo ulinzi unapoanza.

Ulinzi wa kwanza ni anwani. Anwani za IPv4, yaani nambari zinazotambulisha kompyuta mtandaoni, hazizidi bilioni 4.3, kwa hiyo mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mwenye bando hutoka kwenda popote, ila seva ya nje haiwezi kumbishia hodi. Hata mahabusu hutembelewa.

Ulinzi wa pili ni mlango wa mtandao nambari 25, ambao seva huutumia kupitishiana barua. Watoa huduma wengi duniani huufunga kwa wateja wa nyumbani, kwa kuwa kompyuta zenye virusi zimeutumia kumwaga barua taka. Hoja hiyo ni ya kweli, na tiba yake haina usumbufu: badala ya kumsaka mwenye virusi, hufungiwa wote.

Ulinzi wa tatu ni mtihani wa utambulisho. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, DKIM hutia sahihi ya kidijitali, na DMARC huagiza barua iliyofeli ifanywe nini. Hizo mkazi huziandika mwenyewe. Rekodi ya kinyume ya DNS, inayoonyesha anwani ya IP ni ya jina gani, huandikwa na mwenye anwani, yaani mtoa huduma. Tangu Februari 2024 Google inadai rekodi hiyo, pamoja na SPF au DKIM, kwa kila anayetuma barua kwa Gmail. Mkazi hufaulu karatasi zote, akafelishwa na ile asiyoruhusiwa kuifanya. Akiipita hiyo, kuna orodha ya PBL ya Spamhaus, ambamo anwani za nyumbani huingizwa hata kama hazijawahi kutuma taka.

Linalobaki ni kukodi seva ya kupitishia barua, mara nyingi Ulaya. Salamu ya kwenda Archer's Post, jirani wa kaskazini, huanza kwa kuzuru Ujerumani. Mamlaka ina uzoefu wa safari hizo. Mwaka 2000, ikiitwa CCK, iliamuru kituo cha kubadilishana data ndani ya nchi, KIXP, kifungwe baada ya Telkom Kenya kulalamika, na barua za ofisi mbili za Nairobi zikaendelea kuvuka bahari. Kituo kilifunguliwa tena mwaka 2002, na nchi haikuzama.

Kwa hiyo Mamlaka inaombwa isiharakishe. Kuwataka watoa huduma wampe mteja anayeomba anwani ya umma, mlango wa 25 na rekodi ya kinyume kungehitaji aya nzima katika masharti ya leseni, na aya ni kazi nzito. Hadi itakapoandikwa, Ngaremara itaendelea kulindwa dhidi ya barua zake yenyewe.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Ngaremara