Mwanamke wa Mlangoni

Kuanzia juzi Kilwa Masoko nzima inajua kwamba nimeweka mwanamke ndani, na kwamba mwanamke huyo hajui Kiswahili. Habari ilifika sokoni kabla yangu. Muuza samaki ninayekopa kwake alinipimia changu, akanifungia, kisha akaniuliza kwa upole kama mgeni wangu anakula changu au anichagulie jodari.

Mwanamke mwenyewe ni kitasa.

Ni kile kitasa cha kidole, cheusi, kinachong'aa, nilichofungiwa na fundi mwaka huu kwa bei ya mbuzi wawili wa Idi. Unaweka kidole, mlango unafunguka. Kidole kikikataliwa, binti aliyerekodiwa ndani yake anakwambia kwa Kiingereza laini ujaribu tena. Siku hiyo mke wangu alikuwa msibani Lindi. Mimi nilikuwa nimevuka kwenda Kisiwani, simu imeisha chaji. Ndipo mama mkwe alipoamua kuja kutoka Kivinje bila taarifa, kama ilivyo haki yake, beseni la pweza kichwani.

Alipiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kisha akakumbuka kwamba wakati wa Idi mwanawe alimsajili kidole kwenye kile kioo, akakigusa. Binti akamjibu.

Hebu mweke mama huyu mbele ya macho yako. Mwanawe yuko Lindi. Mkwewe haonekani. Na saa sita mchana, mlango umefungwa, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza anajibu hodi yake bila hata kusema karibu.

Mama mkwe alitoa salamu. Hakuitikiwa. Akagusa tena, binti akarudia maneno yale yale. "Wewe ni nani?" akauliza, akabonyeza kwa nguvu. Binti hakupandisha sauti wala hakuishusha, na walioshuhudia wanasema hilo ndilo lililomkera mama zaidi: mtu aliyefumaniwa angalau hubabaika kidogo.

Kidole kilipokataliwa mara ya tano, king'ora kikalia. Ndivyo kitasa kilivyotengenezwa: makosa yakizidi, hujifunga dakika kadhaa na kupiga ukunga. Mtaa ukatoka. Akaja balozi wa nyumba kumi, ambaye ujanani alifanya kazi hotelini na hakuna anayeruhusiwa kulisahau hilo. Akaweka sikio mlangoni, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Anasema mjaribu tena baadaye."

"Baadaye lini?" mama mkwe akauliza. "Na yeye ni nani wa kunipangia muda kwenye nyumba ya mwanangu?"

Balozi akaugeukia mlango na kumsihi dada atoke kwa hiari yake, akimhakikishia usalama mbele ya mashahidi.

Wakati huo ndipo bodaboda iliponishusha. Niliinamisha macho kama impasavyo mkwe, nikasema, "Shikamoo, mama." Marahaba haikuja. Nikadhani msiba wa Lindi umetufuata huku. Nikaona la haraka ni kufungua mlango ili watu wakae kivulini, nikaweka kidole gumba. Kitasa kikatoa kijimuziki, na yule binti, kwa furaha ambayo hakumwonyesha mtu mwingine yeyote siku ile, akanikaribisha nyumbani.

Balozi alitafsiri hata hilo, ingawa hakuna aliyemwomba.

Kwetu mama mkwe haingii chumbani kwa mkwewe, hata katika upelelezi. Alikaa barazani, akamtuma jirani. Jirani akaangalia chini ya kitanda, ndani ya kabati, nyuma ya pipa la maji na, kwa sababu ambazo mpaka leo hajazieleza, ndani ya friji. Alipotoka alitangaza: "Ametorokea uani."

Usiku ule nilikaa na kitasa tukitazamana, maana nilitaka kujua kwa nini kidole kilichokubaliwa wakati wa Idi kilikataliwa juzi. Nilichokikuta ni ajabu, na lazima nikieleze. Kitasa cha aina hii hakipigi picha ya kidole. Chini ya kile kioo kuna maelfu ya vibati vidogo mno vyenye chaji ya umeme. Ngozi ya kidole ina matuta na mabonde. Tuta hugusa kioo, bonde hubaki na hewa kidogo katikati, na chaji ya kila kibati hubadilika kulingana na kilicho juu yake. Kutokana na tofauti hizo kitasa huchora ramani: hapa tuta limeishia, pale limegawanyika mara mbili. Ramani hiyo hulinganishwa na ile iliyotunzwa siku ya kusajili. Zikikaribiana vya kutosha, kijimota huvuta komeo. Kazi hiyo yote huisha kabla hujamaliza kusema bismillahi, kwa nguvu ya betri nne ndogo za redio.

Sasa, mama mkwe hubangua korosho kwa mkono, ambazo huuzwa kwa abiria wa mabasi pale Nangurukuru. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma na kubabua ngozi. Wanawake hujipaka majivu, lakini majivu hayazuii yote. Wakati wa Idi vidole vilikuwa vimepumzika. Juzi vilitoka kazini. Matuta yalikuwa yamebabuka, na ramani ilikuwa imefutika.

Hapo ndipo kicheko changu kinapokauka. Mei 1, 2019 usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza nchini, kidole hiki hiki kilikataliwa. Aliambiwa akaoshe mikono. Akaambiwa apake mafuta. Akaambiwa arudi kesho, kwa nauli yake. Januari 20, 2020 muda wa nyongeza ulipokwisha, laini yake ikazimwa pamoja na vijisenti vilivyokuwemo. Mashine ilimwambia mwanamke aliyefanya kazi maisha yake yote kwamba hatambuliki, na kisa ni ile kazi. Waliozitengeneza mashine hizi walipima vidole ambavyo shughuli yao kubwa ni kugusa kioo.

Wala msituambie kwamba watu wa mwambao tunaogopa vitu vipya. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji wa kuusifia. Kisiwani, jumba la Husuni Kubwa lilikuwa na bwawa la pembe nane, na vyombo vya Kichina vilifika hapa karne nyingi kabla ya kitasa cha Kichina. Tofauti ni kwamba bakuli la Kichina halikumtaka mama mkwe ajitambulishe kabla ya kula.

Vifaa vyangu vingine vya nyumba janja nitavisemea harakaharaka. Spika ya kuamrishwa kwa mdomo haijui Kiswahili, na nilipoiamuru kwa Kiingereza cha Kilwa izime feni, ilinipigia wimbo wa Krismasi. Kamera ya uani hunitumia picha ya kila kunguru anayetua, lakini aliyeondoka na ndoo haikumwona. Na umeme hukatika huku, katika wilaya yenyewe ya gesi ya Songo Songo inayokwenda Dar kwa bomba tangu 2004. Ukirudi saa nane usiku, taa zangu zote huwaka kwa pamoja, nyeupe pe, kwa kuwa zimesahau kwamba zilizimwa.

Taa hizo huwashwa kwa simu, na amri ya kuwasha iliyo mbele ya pua yangu hutoka Kilwa, hupita Dar, huzama kwenye mkongo wa baharini, hufika kwenye kompyuta ya kampuni ng'ambo, kisha hurudi njia ile ile. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitukatia barabara pale Somanga. Siku chache baadaye, tarehe 12, mikongo ya EASSy na Seacom ikakatika baharini. Taa yangu haikuisikia simu. Mwishoni mwa Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na safari hiyo hakuna mkongo uliokatika.

Cha kushangaza, kifaa janja cha kweli tunacho siku nyingi ukutani: mita ya umeme ya LUKU. Zile tarakimu 20 ni ujumbe uliofungwa kwa siri. Ndani yake mna uniti ulizonunua na dakika ambayo tokeni ilitolewa, na mita yako tu ndiyo yenye ufunguo wa kuusoma. Mita haihitaji intaneti kuhakikisha lolote. Hufungua ujumbe yenyewe, na tokeni iliyokwisha kutumika huikumbuka na kuikataa. Dakika zilihesabiwa kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi ya kuziandika ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zilikuwa zinaisha Novemba 24, 2024. Ndiyo maana mwaka ule tulipewa makundi matatu ya tarakimu 20, tukasimama mbele ya mita na tochi tukinung'unika, kumbe tunaiwekea mita kalenda mpya. Walioibuni njia hii Afrika Kusini walijua kwamba mnunuzi wao anaweza kukaa mahali pasipo na mtandao, nao wakakitengeneza kifaa kimfae huyo.

Basi ukiniuliza kama nyumba janja inafaa huku kwetu, jibu langu ni kwamba taa ya sola inayojiwasha giza likiingia inafaa sana, na LUKU nimeisamehe. Kitu chochote kinachosubiri ruhusa kutoka ng'ambo hakifai. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji azime umeme na data, kisha mlete mtu mzima aliyetoka shambani au pwani, na mikono yake kama ilivyo. Akifungua bila kusaidiwa, nunua. Akishindwa, kitasa cha ufunguo kinauzwa duka hilo hilo, na ufunguo wa pili mpelekee mama mkwe mwenyewe, mkononi.