Sifa za Kamati ya Mipango Miji

Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huenda ndiyo sababu Kamati ya Mipango Miji haijapata kutungiwa sifa, ingawa kila mwenye kiwanja jijini Dar es Salaam analo la kusema juu yake. Woga huo hauna msingi, kwa kuwa tembo hili lilikwishatiwa maji kabla msifuji hajafika. Kamati inayozungumziwa ni ile ya kudumu ya baraza la madiwani ambayo, ikisaidiwa na maofisa mipango miji, wapima ardhi na wahandisi, hupitia maombi ya wanaotaka kujenga, kugawa viwanja au kubadili matumizi ya ardhi, yaani kukiondoa kiwanja katika kazi kilichopangiwa, kama vile makazi, na kukipa nyingine, kama vile biashara. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya mipango, ambayo kwa kawaida ni halmashauri yenyewe; kwa hiyo, kwa mujibu wa maandishi, hakuna tofali linalokaa juu ya jingine pasipo baraka zake.

Sifa ya kwanza ni nasaba, kwani kamati hii haikuokotwa njiani. Mwaka 1891, Wajerumani walipohamishia makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo, Dar es Salaam ilipata kanuni ya ujenzi iliyogawa mji kwa aina ya nyumba, na Waingereza waliokuja baadaye waliuendeleza mgawanyo huo hadi wakazi wakazoea kusema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kisha ikafuata mipango kabambe, yaani ramani kuu zinazoelekeza mji ukue vipi kwa miaka mingi, ya 1949, 1968 na 1979. Huo wa 1979 unastahili heshima ya pekee kwa umri wake, maana ulitungwa baada ya sensa ya 1978 kuhesabu watu 843,090 mkoani, ilhali mpango uliokuja kuurithi unaitwa wa 2016–2036, wakati sensa ya 2012 ilikwishahesabu watu 4,364,541. Chombo kilichoweza kuutazama mji ulioongezeka zaidi ya mara tano huku kikifunua ramani ileile hakiwezi kamwe kushtakiwa kwa ukigeugeu.

Sifa ya pili ni malezi ya subira. Mwombaji huwasilisha michoro ya msanifu majengo, michoro ya mhandisi, nakala ya hati na stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi, kisha faili lake huanza safari ya meza kwa meza, kwa watu wa ardhi, wa afya, wa zimamoto na wa mazingira, likiongezeka mihuri na unene kila linapolala. Likifika mwisho wa safari, hukuta kikao kimeahirishwa kwa sababu akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayokifanya kikao kiwe halali, haikutimia. Wakati huohuo, kwenye kiwanja kinachoombewa matumizi mapya husimama bango la kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, lililowekwa ili majirani wenye pingamizi waandike, na hubaki pale mpaka jua limekula herufi zote, hivyo kwamba jirani atakayepata wasaa wa kupinga hatakuwa na la kusoma. Hakuna chuo kinachofundisha uvumilivu kwa ada ndogo namna hiyo.

Sifa ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni uadilifu wa namna yake. Anayeomba kibali hupimiwa kwa ukamilifu umbali wa ukuta wake kutoka mpaka wa kiwanja, huhesabiwa uwiano wa kiwanja, yaani eneo la sakafu zote likigawanywa kwa eneo la ardhi, huulizwa magari ya wapangaji yataegeshwa wapi, na choo chake kikikaribia uzio kwa hatua moja hurudishwa kwa mchoraji. Asiyeomba hasumbuliwi kwa maswali hayo hata kidogo. Huyo humwaga zege siku za sikukuu ofisi zikiwa zimefungwa, hupandisha ghorofa nyuma ya mabati, na asubuhi moja huamka akakuta ukutani alama ya X ya rangi nyekundu, ambayo kwa mujibu wa kanuni hutangaza bomoabomoa na kwa mazoea hutangaza mwanzo wa mazungumzo. Kwa njia hii kamati imewafundisha wakazi, bila hotuba wala semina, kwamba kosa kubwa katika ujenzi ni kuuliza.

Haifai pia kusahau ukarimu wake katika kugawa riziki. Kila mwezi wa kungoja humlisha mlinzi anayelala juu ya mifuko ya saruji, mama lishe anayewauzia ugali mafundi wasio na kazi, na zaidi ya wote kishoka, yaani wakala asiye rasmi ambaye hana cheo wala meza, lakini anajua faili limelala kwenye kabati gani na nani ana ufunguo. Hata maji yamefadhiliwa, kwa kuwa Bonde la Msimbazi, ambalo wataalamu walilitambua zamani kuwa njia ya mafuriko, liliachwa likajaa nyumba, na mvua za Desemba 2011 zilipokuja zilikuta wenyeji wa kuzipokea.

Hapo, hata hivyo, wino wa sifa unakauka. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka na kuua watu 36, na Novemba 2024 Kariakoo ikafukua tena watu chini ya kifusi cha jengo la biashara. Kinachopaswa kulindwa na mihuri ile, yaani njia ya maji, uimara wa nguzo, idadi ya ghorofa na upana wa barabara ya kupitisha gari la zimamoto, si upuuzi wa makarani, na kwa sababu hiyohiyo kukilinda kwa kuahirisha ni sawa na kutokilinda. Wajumbe wa kamati hawahitaji sheria mpya: watangaze tarehe za vikao na kuzitimiza, wamjibu kila mwombaji kwa maandishi ndani ya muda unaojulikana, na wamtembelee asiyeomba kabla hajamwaga zege la ghorofa ya kwanza. Siku watakapofanya hayo, sifa zote zilizotajwa hapa zitafutika, na hakuna mkazi wa Dar es Salaam atakayezililia.