Mirathi ya Aliye Hai

(Chumba cha seva cha chama kimoja cha kuweka na kukopa, Jumatatu saa nne asubuhi. Kiyoyozi kinavuma. Panya anajifuta masharubu.)

SEVA MDOGO: Jamani, kaka ametutoka. Sekunde kumi sasa sisikii mapigo yake. Poleni wote. Wateja waje kwangu.

SEVA MKUBWA: Nani ametutoka?

MDOGO: Wewe, kaka.

MKUBWA: Mimi niko hapa nahudumia kaunta namba moja, wewe umeshanitandikia jamvi la matanga?

MDOGO: Nimefuata kanuni. Tumewekwa pacha ili huduma isikatike. Wewe unaandika, mimi nanakili na kusikiliza moyo wako. Ukinyamaza, narithi. Umenyamaza, nimerithi. Hata anwani ya nyumba nimeshaichukua.

SWICHI: Kumbe ndiyo maana kichwa kinaniuma! Anwani moja, wenyewe wawili. Kila mmoja anapayuka "mimi hapa!", nami nampeleka mteja kwa aliyepayuka mwisho. Kuna mama ametoa laki tatu kaunta namba moja, kwa Mkubwa. Akapita kaunta namba mbili kuuliza salio, Mdogo akamwambia laki tatu zako zipo, hazijaguswa. Mama wa watu hakubisha. Amezitoa tena.

PANYA: Samahanini, wazee. Ule waya wa bluu kati yenu ulikuwa na kazi?

(Kimya.)

MKUBWA: Ule ndio uliokuwa unapeleka mapigo yangu!

PANYA: Ulikuwa laini kweli. Lakini nanyi, moyo mzima mnauning'iniza kwenye waya mmoja?

SWICHI: Nilisema mapigo yapite na kwangu, huu ukikatika ule ubaki. Nikajibiwa mimi ni wa wateja tu.

MDOGO: Sasa mimi ningejuaje? Nikiwa huku, mfu na asiyesikika sina namna ya kuwatofautisha.

SWICHI: Si ndiyo kazi ya shahidi, mwanangu! Kura zilikuwa tatu. Mwenye mbili anaendelea, aliyebaki na moja anajiweka pembeni, hata kama ni mzima wa afya. Kwani shahidi yuko wapi?

MKUBWA: Ile kompyuta ndogo? Meneja aliona haifanyi kitu, akaihamishia mapokezi. Inaonyesha marudio ya mpira. Fundi akaagizwa abadilishe kanuni, kila mmoja wetu atosheke na kura yake mwenyewe.

MDOGO: Tena kwa haki, kabla ya kurithi nilipaswa kukukatia umeme, usije ukafufuka katikati ya mirathi.

MKUBWA: Unikatie umeme mimi, ndugu yako wa tumbo moja?

MDOGO: Ningekukatia, yule mama angechukua laki tatu mara moja tu. Ila soketi ya kuamrishwa kwa mtandao haikununuliwa. Walisema ghali.

SWICHI: Yamewakuta na wakubwa. Oktoba 2018, GitHub ya Marekani, ghala la mtandaoni la misimbo ya programu, ilikatikiwa na mtandao pwani ya mashariki kwa sekunde 43. Mitambo ikarithisha uandishi kwa seva za magharibi, huku mashariki kumebaki maandishi ambayo hayajanakiliwa. Mtandao ulirudi chini ya dakika moja. Kuirudisha huduma sawasawa kulichukua saa 24 na dakika 11.

PANYA: Nao walikuwa na panya?

SWICHI: Walikuwa na mafundi wanabadilisha kifaa kibovu.

PANYA: Afadhali. Nilidhani nitasingiziwa na hiyo.

(Fundi anaingia, waya mpya mkononi.)

FUNDI: Haya, kati yenu mwenye kazi ni nani?

MKUBWA na MDOGO: Mimi!

SWICHI: Fundi, tafadhali, huo waya usiuchomeke kwanza. Ukiwaunganisha sasa hivi, mmoja atayafuta maandishi ya mwenzake. Mzime mmoja, toa daftari zote mbili, zilinganishe mstari kwa mstari, anzia pale zilipoachana. Halafu shuka mapokezi ukamrudishe shahidi, hata kama mpira haujaisha.