Mjomba, Huku Mpira Haupigwi

St Andrews, Uskoti



Huku wanasema ni kiangazi. Nakuandikia nikiwa na koti, soksi mbili mbili na ile kofia ya sufi ambayo Mama Mdogo alinifumia kwa ajili ya baridi ya Julai ya Arusha. Saa nne usiku imefika na jua bado linaranda juu ya mapaa ya watu, halina haya. Wazee ninaowahudumia wamegoma kulala kwa sababu nje kweupe, na mimi ndiyo kwanza nimepata nafasi ya kukaa jikoni na kujibu ujumbe wako.

Kabla ya gofu, nisaidie jambo moja. Ile picha niliyotuma kwenye kundi la ukoo, nimeshika fimbo na nyuma yangu bahari, imenitia hasarani. Mama Mdogo ameniandikia habari za bati, dogo wa Ngaramtoni ameuliza bei ya pikipiki kwa sarafu ya huku, na Baba Mkubwa, ambaye siku zote hajibu hata salamu yangu, ameniita Mheshimiwa. Najua wanavyowaza. Kwetu ukimwona mtu ndani ya klabu ya Gymkhana ana fimbo mkononi, ama ni mkubwa wa shirika, ama anambebea mkubwa wa shirika. Waeleze kwamba mji huu hauendi hivyo. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton aliwaandikia wenyeji hati ya kutambua haki yao ya kucheza gofu kwenye mchanga wa pwani, yeye akijibakizia haki ya kufuga sungura mlemle. Ufugaji wa sungura umekwisha, gofu imebaki. Mpaka leo viwanja ni mali ya umma: fundi bomba anamaliza kuzibua choo cha watu saa tisa, saa kumi yuko uwanjani. Mgeni anayetaka kucheza kwenye kiwanja maarufu cha Old Course msimu huu anatoa zaidi ya pauni 300, lakini Jumapili uwanja unafungwa, na zile nyasi ambazo mabingwa wa dunia huzikanyaga kwa unyenyekevu zinajaa watu na mbwa wao, tena hakuna mlinzi wa kumfukuza mtu.

Na nilipopigiwa picha hapakuwa hata Old Course. Panaitwa Himalaya. Sasa, mtu aliyekulia chini ya Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, akiambiwa twende Himalaya anafunga kamba za viatu. Nilizifunga. Nikakuta vinundu vya nyasi, na ajuza mmoja anavipanda na kuvishuka na mkoba wake kwapani. Ni uwanja wa kusukuma mpira tu, wa klabu ya akina mama iliyoanzishwa mwaka 1867, enzi ambazo mwanamke kuinua fimbo juu ya bega mbele za watu kulihesabiwa utovu wa adabu. Wangemwona Madina Iddi wetu wa Arusha anavyoizungusha, wangezimia kwa zamu. Siku hizi yeyote anaingia kwa pauni chache, na mzee ninayemtunza hupenda nimpeleke pale, mkongojo mkono wa kushoto, fimbo mkono wa kulia.

Basi nije kwenye swali lako. Umesema kijana wako anakwenda Nairobi kucheza Muthaiga, kiwanja ambako mashindano ya Kenya Open yamechezwa miaka ya karibuni, na kila mkikutana na grini, zile nyasi fupi za kuzunguka shimo, ya kasi, mpira wake unalipita shimo na kuendelea na safari zake. Nimemhoji mzee wangu kwa niaba yenu. Amethibitisha nusu ya mafundisho yako na kuiangusha nusu nyingine. Naanza na hii inayoanguka, ili tukifika mwisho wa barua uwe umeshapoa.

Wewe, Mjomba, ulijifunzia kwenye brauni: mchanga uliochanganywa na oili chafu, ukisawazishwa kwa ubao wa kuburuta, kama ilivyokuwa kwenye viwanja vingi vya mashambani Afrika Mashariki. Pale mpira ulikuwa mzito, na aliyeusukuma kwa huruma, wake uliishia njiani. Ndiyo maana hadi leo ukisimama nyuma ya kijana neno lako ni moja: "Piga! Unaogopa nini?" Kwa heshima zote, na hapa nilipo nimeinamisha kichwa, naomba neno hilo ulistaafishe.

Grini ya kasi imenyolewa nyasi zikabaki kama milimita tatu, kisha ikapitishiwa rola. Mpira haukutani na kitu cha kuuzuia. Fikiria sakafu nyekundu ya Bibi siku ya Jumamosi, ikishapakwa nta na kusuguliwa mpaka wageni wanatembea wameshikilia ukuta. Iinamishe kidogo upande mmoja, itoboe shimo la milimita 108, halafu umwambie kijana apige.

Kasi yenyewe ina kipimo chake, na kilivyozaliwa kitakufurahisha. Mwaka 1935, kwenye mashindano ya US Open yaliyochezwa Oakmont, Marekani, mchezaji wa ridhaa Edward Stimpson alimwona Gene Sarazen, bingwa hasa, akisukuma mpira ukatoka nje ya grini kabisa.  Stimpson akasema grini ndiyo yenye matatizo, akaenda kuchonga mfereji wa mbao ili athibitishe. Unaweka mpira kwenye mfereji, unauinua taratibu, ukifika nyuzi kama 20 mpira unateremka wenyewe. Unapima ulikofika kwenye sehemu tambarare, unarudia kwa upande wa pili, unachukua wastani. Futi nane ni grini ya kistaarabu. Kumi ni kasi. Kumi na mbili kwenda juu, kama wanazoandaa Augusta, huo ni uchokozi. Nimekipenda chombo hiki kwa sababu hakuna mkono wa mtu ndani yake, kwa hiyo wazee wa klabu hawana pa kuanzia ubishi.

Hapa St Andrews wanaweza kuzifanya grini zao kuwa kioo na hawataki, kwa sababu wanaujua upepo wao. Mwaka 2015, siku ya Jumamosi ya mashindano ya The Open, mipira iliyokuwa imetulia kwenye grini ilianza kutembea yenyewe. Mchezo ukasimama zaidi ya saa kumi, na bingwa, Zach Johnson, akapatikana Jumatatu. Ungekuwepo ungesema mpira umelogwa.

Kijana ataelewa haraka kwamba lazima apunguze nguvu. Asichokitegemea ni kwamba akishapunguza nguvu, njia nayo inabadilika. Mpira unaokwenda polepole unakaa muda mrefu njiani, na muda wote huo mteremko unauvuta pembeni. Mpindo aliouzoea nyumbani unaweza kutaka hata mara mbili yake, na hapo ndipo moyo humsaliti mtu: anaona anaulenga mpira mbali na shimo mno, anajisahihisha, anakosa upande wa chini. Aiamini njia pana. Mpira unaofika umechoka, shimo zima linaupokea, mbele, ubavuni, hata mlango wa nyuma. Unaofika na haraka zake una sehemu ya katikati tu ya kuingilia, kingo zinautema.

Mwenzangu wa kazi, kijana wa Kumasi, alikuja Himalaya na falsafa yako bila ya kukufahamu. Aliupiga. Mpira ukapanda kinundu cha kwanza, ukapita shimoni bila kubisha hodi, ukapanda cha pili, ukapotelea upande wa baharini. Mzee wangu aliusindikiza kwa macho mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema inaelekea mvua itanyesha. Huku ndivyo wanavyotukana.

Sasa nusu ya pili, na hii ni ushindi wako. Unakumbuka ulivyokuwa ukivua viatu na kuzunguka shimo lote kabla ya kufungua mdomo? Ukituuliza sisi watoto, mvua ikinyesha sasa hivi maji yatakimbilia wapi? Na tukibabaika unatuambia tutazame Meru iko wapi, kwa kuwa maji yote ya Arusha yanaukimbia mlima? Leo kuna mafunzo yanayoitwa AimPoint. Wachezaji wa kulipwa wanasimama wametanua miguu juu ya njia ya mpira, wanausikilizia mteremko kwa nyayo, kisha wananyoosha vidole mbele ya uso kukadiria mpindo. Wanayalipia. Wewe uliyatoa bure, na matusi ukaongezea.

Shida ni kwamba Muthaiga hamna Meru ya kutazama. Itabidi aisome ardhi yenyewe, bonde liko wapi, kijito kiko wapi, na azunguke mpaka upande wa chini wa shimo, maana mteremko unaonekana vizuri ukiutazama kutoka chini. Na kubwa kuliko yote, mpira wake wa kuingia grini uishie chini ya shimo. Mita tatu za kupanda ni salama kuliko mita moja ya kushuka. Kwenye grini ya polepole tofauti hiyo haimtishi mtu. Kwenye ya kasi ndiyo inayoamua nani anarudi nyumbani na kikombe.

Hata mpira wa kumezea mate usimdanganye. Mwaka 1970, hapahapa kwenye shimo la 18, Doug Sanders alibakiwa na umbali usiofika mita moja ili awe bingwa wa The Open. Akausimamia mpira, akaona kitu kidogo kwenye njia, akainama kukiondoa, akaendelea bila kurudi nyuma na kuanza upya. Ukapita pembeni. Kesho yake Jack Nicklaus akamshinda kwenye marudio kwa pigo moja. Kwenye shimo hilohilo mwaka 1995, Costantino Rocca wa Italia aliuboronga mpira mbele ya grini, ukaishia bondeni, kisha kutoka humo akausukuma kama mita 20 ukapanda, ukapinda, ukazama. Alilala chini akaipiga ardhi kwa ngumi. Halafu John Daly akamfunga kwenye mashimo ya nyongeza, kwa hiyo usimsimulie kijana mpaka mwisho.

Mazoezi: hamna grini ya namna hiyo ya kuchezea kila siku, basi mpelekeni kwa Bibi. Aweke sarafu ya shilingi mia mbili upande wa pili wa sebule na asukume mpira ufie juu ya sarafu. Asilenge kikombe, kikombe kinauzuia mpira na kumpa sifa asizostahili. Fimbo aishike kilegevu, airudishe nyuma kidogo tu na kuisindikiza taratibu, wala asiifunge breki katikati. Akikutana na mteremko wa kutisha hasa, augonge mpira kwa ncha ya fimbo badala ya katikati, hutoka umepoa. Bibi nimeshaongea naye kwa simu. Amekubali, kwa sharti kwamba sakafu ataisugua kijana mwenyewe, kuanzia barazani hadi chumbani kwake, na kwamba nta itanunuliwa na nani atasema baadaye. Nadhani ni wewe.

Akifika Nairobi awahi, asikimbilie kupiga mipira mirefu mbele za watu. Aende grini ya mazoezi, asukume kutoka upande huu hadi ule bila kulenga shimo lolote, mpaka mikono ikubali kwamba imehama nyumbani. Na kedi wa pale, yaani mbeba fimbo, akimwambia mpira unapinda kushoto, wakati wewe kwa simu unasema kulia, amsikilize kedi wa pale. Najua hilo litakuuma. Kama utafuatana naye, tafadhali simama nyuma ya kamba, na lile neno lako libaki Arusha.

Mpwa wako.