Betri Mbili, Aibu Moja

Jirani, nipishe nikae kwanza. Mgongo unauma, mikono inanuka oili, na heshima yangu nimeiacha pale Broadway, Southall, karibu na kituo cha basi la 207. Ukipita, niokotee.

Unajua ninavyojigamba. Miaka minne barabarani, Mombasa hadi Malaba! Watu wa hapa London wakisikia wanadhani nilikuwa dereva. Nilikuwa taniboi, bwana. Kazi yangu ilikuwa kuweka jiwe chini ya gurudumu na kulala juu ya mzigo. Lakini huku ughaibuni nani atakwenda Malaba kuuliza?

Basi, Jumamosi nimeleta magunia ya vitunguu. Lori la tani 18. Nimezima injini, maana bosi analia na diseli. Nikaanza kushusha mzigo na ile lifti ya nyuma. Panda, shuka. Panda, shuka. Redio inaimba. Simu inachaji. Indiketa zote zinapepesa. Saa nzima na robo. Kumbe ile lifti inakunywa kwenye betri zile zile za kuwashia gari! Mimi nilidhani inajitegemea. Usiniulize inajitegemea kwa nini.

Nikapiga ufunguo. Tak-tak-tak-tak.

Nikapiga tena. Tak-tak. Safari hii hata yenyewe imechoka.

Nyuma yangu 207 imejaa hadi juu. Abiria wote wananitazama kama sinema ya bure. Akina mama wamebeba vifurushi vya uwatu, wamesimama, wanapeana maoni kwa Kipunjabi. Sijui Kipunjabi, lakini kichwa kikitikiswa hivyo, tafsiri ya nini?

Nikakumbuka dawa ya barabarani: stata ikigoma, igonge. Nikachukua spana ya magurudumu, nikajipenyeza chini, nikagonga. Nikagonga kwa ufundi kabisa, nimekunja na uso.

"Wewe nagonga nini?"

Sauti ya Kiswahili! Nikachungulia. Mzee wa Kisikh, kilemba cha buluu, anatoka gurdwara, hekalu lao la Havelock Road, tumbo limeshiba chakula cha bure.

"Shikamoo mzee. Nagonga stata."

"Hiyo iko altaneta."

Jirani, natamani lami ingenimeza.

Mzee mwenyewe ni mzaliwa wa Nakuru. Alitua huku 1968, pamoja na ule umati wa Wahindi wa Kenya. Akafanya kazi kiwanda cha AEC, hapa hapa Southall, kilichokuwa kikiunda malori na mitambo ya yale mabasi mekundu ya Routemaster, mpaka kikafungwa 1979. Yaani mtu ameunda malori mtaa huu huu, na mimi namfundisha kugonga altaneta.

Akasema washa taa, halafu piga stata. Nikatii. Taa zikafa fofofo. "Sasa tizama. Taa ingebaki kali, ningelaumu stata. Hii nakufa, basi iko betri, ama waya." Mimi natikisa kichwa kama daktari mwenzake.

Hapo akatokea kijana wa Kisomali, roho safi, na Yaris yake na nyaya za kubusti. Nikamkimbilia kwa furaha. Mzee akapiga kelele mpaka 207 ikanyamaza: "Lori iko volti 24! Gari yake 12! Nataka kumharibia?" Kumbe ndani ya lile boksi kuna betri mbili, kila moja 12, zimeungwa moja nyuma ya nyingine. Miezi saba naendesha lile lori. Nilijua ziko mbili. Nilidhani moja ni spea.

Akatoa kipimo mfukoni. Mfukoni, jirani! Mimi mfukoni nina risiti na njugu. Betri nzima, anasema, husoma 12.6 hivi. Ya kwanza ikasoma 12.4. Ya pili 11.2. Bosi alibadilisha moja tu ili abane matumizi. "Hizi kama mume na mke. Mmoja mgonjwa, wote nalala njaa. Nabadilisha pamoja." Kisha akashika kichwa cha ile betri mbovu, kikazunguka chenyewe kama kifuniko cha soda. Unga wa kijani umejaa.

"Nani alifunga hii?"

Nikatazama angani. Mimi ndiye niliyeisafisha wiki iliyopita. Nilikaza kwa vidole. Spana ilikuwa mbali.

Akakwangua, akakaza. Akasimamisha lori jingine la 24. Waya mwekundu kwenye chanya. Mweusi hakuuweka kwenye betri. Akaubana kwenye chuma cha chesi, mbali, kwa sababu betri hutoa gesi na cheche moja inaweza kuilipua. Tukangoja dakika 10. Nikapiga. Vruuum! Broadway yote ikashangilia. Akina mama wakapiga makofi. Nikapunga mkono kama mbunge.

Mzee akaja dirishani, akasema kitu. Injini inanguruma, sisikii. Anasema tena, anapunga mkono, anaonyesha ufunguo. Sasa mimi nimelelewa Mombasa. Mtu mzima hazungumzi nawe ukampigia kelele za diseli usoni. Ni utovu wa adabu. Lile lori jingine limeshaondoka zamani.

Nikazima, nimsikilize vizuri.

"Nilisema," akasema mzee polepole, "usizime mpaka gereji."

Tak.

Moja tu. Hata zile nne sikupewa.

Mzee akanitazama kwa muda mrefu. Akakunja kipimo chake, akakirudisha mfukoni. "Kijana, wewe ilikuwa taniboi, eh?"

Sikujibu. Nilikuwa nishashuka, natafuta jiwe la kuweka chini ya gurudumu.