Sufuria ya Mjomba

Mwaka 2020 nyumba yetu ya Mtongwe, Likoni, Mombasa, ilikuwa chini ya serikali mbili. Mama alifuata ya Nairobi: kila alasiri alikaa mbele ya televisheni kumsikiza Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akitaja idadi ya wagonjwa wapya. Mjomba alifuata ya Dodoma, kupitia simu za Mama Mdogo, aliyeolewa Tanga. Sisi ni Wadigo. Mpaka wa Lungalunga na Horohoro umekatiza ukoo wetu, ndugu hawa wako Kwale, hawa Tanga, na sikumbuki kusikia mtu akiulizwa nyumbani ana kitambulisho cha nchi gani. Korona ndiyo iliyotuletea "kwetu" na "kwenu".

"Kwenu mwafungiwa ndani toka magharibi," Mama Mdogo alisema. "Kwetu twaswali msikitini, na rais ametwambia tusiogope."

"Na wagonjwa wenu ni wangapi?" Mama akamuuliza.

Hapo simu ilinyamaza. Tanzania ilikoma kutangaza hesabu kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, ikiwa na wagonjwa 509. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli akaeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na zikarudi na majibu kwamba zina korona. Mjomba aliisimulia habari hiyo barazani siku nzima. Kilichomfurahisha si papai. Ni kumsikia rais wa Kiafrika akivitilia shaka vipimo vya wageni bila kuomba ruhusa.

Nisingependa msomaji amwone Mjomba mjinga. Alikuwa kuli bandarini Kilindini ujana wake wote, na ameona makontena yakipandishwa treni ya SGR kwenda Nairobi na kazi za watu wa Pwani zikienda nayo. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, aliona kwenye simu polisi wakiwapiga virungu na kuwarushia mabomu ya machozi watu waliokuwa kwenye foleni ya feri hapa Likoni, wakijaribu tu kurudi makwao. Mwanzoni mwa Aprili daktari na mtafiti walijadili kwenye televisheni ya Ufaransa kuijaribu barani Afrika chanjo ya BCG, mpaka mmoja wao akaomba radhi. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa pamoja na Eastleigh, Nairobi. "Mbona ni mitaa yetu Waislamu tu?" Mjomba aliuliza. Hakuna aliyekuja Mtongwe kumjibu. Mtu aliyezoea kuwekwa ukingoni mwa taifa, sauti inayomwambia "wanakuficha jambo" humwingia bila kupiga hodi.

Watafiti wakiongozwa na Anni Sternisko waliwauliza watu wa nchi 56 habari hizi. Waliona kwamba kuamini njama za korona hakukuenda sana na kuipenda nchi. Kulienda zaidi na ile fahari yenye kinyongo, ya mtu anayeona taifa lake ni kubwa kuliko mengine na kwamba walimwengu wamelinyima heshima yake. Mimi niliiona fahari hiyo ikipikwa kwenye seredani yetu.

Usiku mmoja wa mwezi huo wa Mei, baada ya futari, Mama Mdogo alipiga simu kumpa Mjomba orodha: majani ya mwarobaini, mchaichai, tangawizi, ndimu na maganda yake. Mvuke hauui kirusi kilichoingia mwilini, lakini Mjomba alisema hii ni dawa yetu, haikuletwa kwa ndege. Maji yalipotokota akawaita watoto, akawafunika blanketi moja na sufuria katikati. Binti wa dada yangu, mdogo kuliko wote, akaona joto limezidi, akanyoosha mguu atoke. Blanketi likanasa kwenye ukingo wa sufuria. Tukasikia ukelele.

Mama alikimbilia dawa ya meno ampake. Dada, wakati huo mhudumu wa afya wa kujitolea, akaitupa kando na kuuweka mguu chini ya maji ya bomba, muda mrefu, mtoto akilia na Mjomba akilia naye. Nje ilikuwa kafyu. Mzee wa nyumba kumi akamwamsha jirani mwenye tuktuk, akakaa mbele yeye mwenyewe ili tukisimamishwa awe wa kwanza kusema. Mjomba alimpakata mtoto njia nzima.

Kwenye zahanati, muuguzi alipofungua dawa ya kupaka, Mjomba akamshika mkono. "Hii yatoka wapi?"

Nilidhani atafukuzwa. Muuguzi aligeuza boksi kwenye taa, akamsomea ilikotengenezwa, kilichomo, na tarehe ya kuisha. Akasubiri. Mjomba akasema, "Haya, mpake." Tangu Machi alikuwa na maswali mengi, na huyo ndiye mfanyakazi wa kwanza wa serikali aliyeyajibu.

Chanjo za AstraZeneca, zaidi ya dozi milioni moja, zilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021. Safari hii aliyekataa ni Mama, mfuasi wa Nairobi. Alikuwa amesikia zinaua uzazi na akatukataza sisi wanawe. Tanga nako Mama Mdogo alikuwa akiyarudia maneno ya Magufuli ya Januari dhidi ya chanjo za wazungu. Huko Tanzania, Februari 17 alikuwa amefariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba ana korona. Mwezi mmoja baadaye, Machi 17, Magufuli naye akafariki. Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan, aliyemrithi, akachanjwa hadharani Dar es Salaam, na usiku huo simu ikalia.

"Dada, rais wetu kachanjwa. Na mimi nitakwenda."

Mama hakujibu kitu. Lakini alikwenda, na Mjomba akafuatana naye kwa sharti moja, kwamba adungwe na yule yule muuguzi.

Kwa miezi mingi matangazo ya redio yalishindwa kuifanya kazi iliyofanywa na muuguzi mmoja kwa dakika chache, na bado tunaweka fedha kwenye matangazo. Hilo ni kosa. Wanaopanga chanjo katika kaunti hii wawape wauguzi muda wa kuulizwa maswali. Nawe msomaji, ukiwa na mzee kama Mjomba nyumbani, usimkemee mbele ya watoto. Fuatana naye mpaka kituo cha afya, akaulize mwenyewe.