Namna ya Kuoga Maji ya Moto Bila Kuwasha Jiko

Kwanza fungua begi ulilofungasha, urudishe kabatini sabuni, shampuu na mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na chemchemi ya maji ya moto haijawahi kuomba povu la mtu. Taulo na nguo ya kuogea vinatosha.

Usipange safari asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Shika jembe na majirani, safari itakungoja.

Mwenye siku moja apande basi kituo cha Nyabugogo, Kigali, aende Rubavu, akaoge Nyamyumba kando ya Ziwa Kivu. Mwenye subira aende Bugarama, wilayani Rusizi, kwenye chemchemi za Amashyuza. Mimi nakusihi uchague Bugarama, kwa sababu barabara inapita katikati ya msitu wa Nyungwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Humo ni marufuku kusinzia! Tazama mvua: ya upande mmoja wa mgongo wa milima ya msitu huo huenda Nile, ya upande mwingine huenda Kongo. Nyingine huzama. Katika nchi hizi za Bonde la Ufa, maji ya mvua hupenya nyufa za miamba, hupata joto huko chini, huyeyusha madini, kisha hupanda tena. Ukikata miti ya mlimani, unagusa maji ya bondeni.

Ukifika, salimu kwanza, kisha waulize wenyeji pa kuingilia. Nyamyumba kuna maji yanayoivisha viazi. Hayo viachie viazi. Mjamzito na mwenye presha wamwone daktari kabla ya safari. Na ukiambiwa maji haya yanaponya kila ugonjwa, furahia kuoga, ila usiache dawa zako.

Mawe ya chokaa ya Bugarama usiyabebe. Yalijengwa na maji hayohayo, tone kwa tone, na tayari yanachimbwa kutengeneza saruji. Nyumba tunazihitaji, nakubali, lakini hakuna fundi wa kujenga chemchemi upya, kwa hiyo machimbo yakae mbali nayo.

Ukianza kusikia kizunguzungu, toka, kaa kivulini, unywe maji baridi. Na vijana waliokuongoza walipe hapohapo, kabla hujaanza kutafuta viatu.